Farasi na Pange

Jua linapokuwa kali, farasi hana raha. Apiga mkia, atikisa kichwa, apondaponda chini kwa kwato, wala pange hawamwachi. Aumaye ni pange jike peke yake, maana atafuta damu kwa ajili ya mayai yake. Dume hunywa utamu wa maua. Tena hachomi kama mbu: hukata ngozi kama kwa kisu, kisha hulamba damu itokayo. Ndivyo awezavyo kuuhamisha ugonjwa toka farasi mmoja hata mwingine.

Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2019, huko Uingereza, wataalamu waliwavika farasi nguo za namna tatu: nyeusi, nyeupe, na zenye milia kama ya punda milia. (Punda milia nasi tunao, ingawa wachache, kule Upemba.) Pange walizijia zote sawasawa, lakini penye milia walishindwa kutua, wakapita tu au wakajigonga. Kwa nusu saa walitua mara 5 juu ya milia, na zaidi ya mara 60 juu ya rangi moja. Ila kichwani, pasipofunikwa, walitua kama kawaida.

Asiye na nguo hiyo je? Saa za jua kali amweke farasi zizini, kwa kuwa pange hapendi kuingia gizani. Lakini humo yumo nzi mwingine aumaye, azaliwaye katika majani ya malalio yaliyooza kwa mkojo na mavi. Basi zizi lifagiliwe kila siku, na uchafu upelekwe mbali.