Fataki za nyumbani: Furaha yetu isiwe hofu ya jirani

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyetujaalia siku za ibada na siku za furaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, dini yetu si dini ya kununa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idd Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao msikitini kwa Mtume (SAW), naye Bibi Aisha (RA) akawatazama akiwa nyuma ya bega la Mtume mpaka alipotosheka mwenyewe. Imepokewa pia kwamba Abubakar (RA) alipowakemea wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha, Mtume (SAW) alimtaka awaache, kwani kila watu wana sikukuu yao na ile ilikuwa sikukuu yetu. Basi mzazi anayetaka kuwafurahisha wanawe siku ya Idd, au anayetaka harusi ya bintiye iwe na shangwe, halaumiwi kwa nia yake.

Suala ni njia anayoichagua. Zamani fataki kubwa zilikuwa jambo la serikali, kama zile zinazorushwa Unguja usiku wa kuamkia Januari 12. Siku hizi hata familia katika miji midogo hutamani kuzirusha uani kwao. Nami nasema kwa uwazi: katika mji kama Rulenge, kurusha makombora ya fataki nyumbani ni jambo ambalo Muislamu anapaswa kuliacha.

Tuelewe kwanza tunazungumzia kitu gani. Elimu ya baruti si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 13 Hasan al-Rammah wa nchi ya Sham aliandika kitabu juu yake. Kombora la fataki si kijiti cha kumetameta anachoshika mtoto. Ni tufe la karatasi ngumu lenye baruti ya kulirusha kutoka katika bomba, na baruti nyingine ya kulipasua likiwa juu, pamoja na vidonge vya chumvi za madini vinavyotoa rangi nyekundu, kijani na buluu. Kati ya baruti hizo mbili kuna utambi unaohesabu sekunde. Utambi ukikosea, au bomba likianguka likiwa limekwisha kuwashwa, kombora hupasuka chini, katikati ya watu.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayofuatwa na mafundi wa Marekani ni kwamba watazamaji wakae umbali wa futi 70 kwa kila inchi moja ya upana wa bomba. Kombora la inchi 3 lahitaji futi 210, yaani mita 64 hivi, kila upande. Je, ni ua wa nani Rulenge ulio na nafasi hiyo pasipo migomba, zizi la mbuzi wala paa la jirani? Tena harusi nyingi huwa ni wakati wa kiangazi, majani yamekauka na maji ni ya kuchotwa. Na mtoto akiungua vibaya, rufaa yake ni Bugando, Mwanza, safari ya saa nyingi.

Wala madhara hayaji kwa kuungua peke yake. Usiku wa kuingia mwaka 2023, jijini Kampala, umati uliosongamana kutoka kutazama fataki katika jengo la Freedom City ulikanyagana, na watu wasiopungua 9 wakafa, wakiwamo watoto. Septemba 2023, katika mji wa Qaraqosh nchini Iraki, fataki zilizowashwa ndani ya ukumbi wa harusi zilishika mapambo ya dari, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Hawa wote walitoka majumbani mwao kwenda kufurahi.

Nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) aliwaambia sahaba zake kwamba moto ni adui yao, akawaamuru wauzime wanapolala. Ikiwa hiyo ni amri juu ya taa na jiko, vitu ambavyo nyumba haiwezi kuishi bila hivyo, itakuwaje baruti ya mchezo?

Hata hivyo, tuseme mtu amepata uwanja na fundi, na hakuna atakayeungua. Bado lipo jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni mshindo. Rangi za fataki huziona aliyekuja kutazama. Mshindo huingia katika kila nyumba bila kubisha hodi.

Na mshindo huo unaingia katika masikio gani? Wazee wa Kagera wanakumbuka mizinga ya vita vya mwaka 1978 na 1979. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu walikimbilia mkoa huu na Kigoma. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, wakaingia wilayani Ngara. Baadaye zikaja zama ambazo mabasi ya Ngara na Biharamulo yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Katika eneo hili wapo watu wazima ambao mshindo wa usiku, kwao, maana yake ni kuwabeba watoto na kukimbia. Mama wa namna hiyo akishtuka usingizini akatetemeka hadi alfajiri, hatafarijika kwa kuambiwa kesho yake kwamba ilikuwa harusi ya jirani.

Abu Daud amepokea kwamba sahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (SAW), mmoja wao akalala, wenzake wakaichukua kamba yake kwa mzaha, naye akashtuka. Mtume (SAW) akabainisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Tazameni, ndugu zangu: ilikuwa kamba tu, na ulikuwa mzaha wa marafiki. Wala asiseme mtu kwamba majirani zetu wengi Rulenge ni Wakristo. Haki ya jirani haina mpaka huo, na Mtume (SAW) alikanusha imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake.

Atasema mwingine: ni dakika kumi tu, mara moja kwa mwaka. Jibu ni kwamba raha ya dakika kumi ni yako, lakini hofu ya dakika kumi ni ya mwenzako, na hukumuomba ruhusa.

Tena iko sheria ya nchi. Baruti inasimamiwa na Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na Jeshi la Polisi hutukumbusha mwisho wa mwaka kwamba fataki hazipigwi bila kibali. Anayeona hana budi, basi aombe kibali, amtafute fundi, aende uwanja wa wazi mbali na makazi, awaarifu majirani siku kadhaa kabla, aweke maji tayari, na kombora lililokataa kulipuka lisisogelewe wala kuinamiwa. Akishahesabu gharama ya hayo yote, aisome aya ya 27 ya Suratul Israa, inayowaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, kisha ajiulize ni mbuzi wangapi wamepaa angani pamoja na moshi.

Shangwe halali hazijatuishia. Tunayo dufu, tunazo kaswida za watoto wa madrasa, tunayo zafe ya bwana harusi, tunazo taa za rangi za kupamba ua. Na ipo sunna iliyo bora zaidi. Abdullah bin Amr (RA) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, alichouliza ni kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa fungu lake. Idd ijayo, jirani wa Rulenge na aijue furaha ya Waislamu kwa sahani ya pilau iliyofika mlangoni pake, wala si kwa kishindo kilichomtoa kitandani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) azijaalie nyumba zetu kuwa chimbuko la amani kwa wote wanaotuzunguka. Wabillahi tawfiq.