Mtandao Unasingiziwa

“Mtandao uko chini.” Utaisikia kwenye dirisha la malipo hospitalini, kwenye kaunta ya leseni, na katika kundi la WhatsApp la wazazi siku matokeo ya mtihani yanapotoka. Mwananchi akishaambiwa hivyo anaondoka, na mfumo unabaki na ugonjwa wake. Kazi yangu ni kutafuta kwa nini mifumo hukwama, na nimeshuhudia kwamba kinachochelewesha tiba, kuliko hata uhaba wa vifaa, ni madai machache yanayorudiwa ofisini kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kupima. Nitayajibu moja baada ya jingine, nikianza na hilo hilo.

Ukurasa ukikuletea namba 502, 503 au 504, isome vizuri kabla ya kuulaumu mtandao. Ombi lako limetoka kwenye simu, limepita mnarani na kwa mtoa huduma, limefika mlangoni pa mfumo, na jibu limerudi hadi mkononi mwako. Njia ndefu imefanya kazi yake. Namba 502 inasema aliyeko mlangoni amepewa jibu lisiloeleweka na aliyeko ndani. Namba 503 inasema huduma haiwezi kukupokea kwa sasa. Namba 504 inasema mlango umesubiri jibu la ndani mpaka muda wake wa kusubiri ukaisha. Zote tatu zinaelekeza nyuma ya mlango: kwenye programu, kanzidata, mfumo wa malipo ulioungwa nayo, au kipande kifupi cha njia kinachoviunganisha. Mtandao ukikatika kweli namba hizi huzioni. Kivinjari hukuambia kuwa kimeshindwa kabisa kuifikia anwani.

Zipo siku dai hili huwa kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Lakini hitilafu ya namna hiyo ina alama zake. Inawagusa watu wengi kwa wakati mmoja, na huduma za nje ya nchi ndizo huumia zaidi kuliko zile ambazo seva zake ziko hapa hapa. Kama ni mfumo wa ofisi moja tu uliokwama, na jirani mlango wa pili anatazama video bila shida, ziacheni nyaya za baharini zipumzike.

Dai la pili hutoka kwa mafundi wenyewe: “Ping inajibu, kwa hiyo njia ni nzima.” Mike Muuss aliandika ping mwaka 1983, na ni programu ndogo yenye manufaa makubwa. Lakini swali lake ni moja tu: kuna mtu huko? Anayelijibu ni mfumo endeshi wa mashine. Programu inayohudumia watu inaweza kuwa imekufa tangu usiku wa manane na ping ikaendelea kujibiwa vizuri.

Lipo tatizo lililojificha zaidi. Kwa kawaida ping hutuma pakiti ya baiti chache tu, makumi kadhaa. Ripoti, picha na viambatisho husafiri katika pakiti zinazojazwa hadi baiti 1,500. Tawi la mkoani likiunganishwa na makao makuu kwa njia ya VPN, VPN hiyo huongeza vichwa vyake juu ya kila pakiti, na pakiti iliyojaa haienei tena. Ruta iliyoshindwa kuipitisha inapaswa kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP kwamba pakiti ni kubwa mno, aipunguze. Msimamizi wa ukuta wa usalama, kwa nia njema, ameruhusu ping na kuzuia ujumbe mwingine wote wa ICMP. Basi onyo halifiki. Mtumaji anarudia pakiti ile ile, inatupwa, anarudia tena. Mfanyakazi wa tawini anaona ukurasa wa kuingilia unafunguka, anaandika jina na nywila, anaingia, kisha ripoti ya mwezi inazunguka bila kikomo. Tiba yake haina gharama. Tuma ping yenye pakiti kubwa iliyokatazwa kugawanywa, ipunguze kidogo kidogo mpaka upate ukubwa unaopita, weka kikomo hicho kwenye ruta, na uruhusu ule ujumbe wa onyo upite. Nimeona watu wakijadili kuhamisha mfumo mzima kwa sababu ya kasoro kama hii, na inaniuma, kwa kuwa kipimo chake kinamalizika kabla chai haijapoa.

Dai la tatu ndilo linalomeza fedha nyingi kuliko yote: “Tuongeze bando, kasi itakuja.” Upana wa njia na muda wa safari ni mambo mawili. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na hakuna kifurushi kinachoweza kuuongezea mbio. Tuseme seva zako ziko Ulaya na safari ya kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam inachukua milisekunde 150. Kabla mtumiaji hajaona herufi moja, kuna safari ya kufungua muunganisho, safari mbili za kukubaliana usimbaji kama bado unatumia TLS 1.2, na safari ya ombi lenyewe. Jumla ni milisekunde 600, uwe umelipia megabiti 10 au 1,000. Ukihamia TLS 1.3, iliyochapishwa mwaka 2018, safari moja inaondoka. Ukiweka nakala za picha na kurasa kwenye seva zilizoko Nairobi au Dar es Salaam, umeiondoa bahari nzima.

Kisha kuna pakiti zinazopotea njiani. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walichapisha kanuni ya kukadiria kikomo cha muunganisho mmoja wa kawaida wa TCP, utaratibu unaoongoza utumaji wa pakiti kwenye intaneti. Kasi inashuka kadiri safari inavyorefuka, na inashuka tena kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu. Tia namba zetu humo. Kwa safari ya milisekunde 150 na upotevu wa pakiti moja katika kila mia, muunganisho mmoja utafika takriban megabiti 1 kwa sekunde, hata kama umelipia 100. Upotevu ukishuka hadi pakiti moja katika kila 10,000, njia ile ile inakaribia megabiti 10. Ongezeko hilo la mara kumi huenda likatokana na kufuta vumbi kwenye kiunganishi cha nyuzi za kioo, au kurekebisha swichi ambayo upande mmoja umewekwa kutuma na kupokea kwa pamoja na mwingine kwa zamu. Zipo mbinu mpya zinazovumilia upotevu vizuri zaidi, kama BBR ya Google ya mwaka 2016, lakini hakuna hata moja inayokusafishia kiunganishi.

Kama kuna anayetilia shaka kwamba namna ya kutuma ina uzito kuliko ukubwa wa njia, atazame kilichotokea Berkeley, California, mwezi Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California hakukuwa na hata nusu kilomita. Kasi baina yao iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilizoona jibu linachelewa zilituma pakiti zao upya, na pakiti za marudio zikaifunga njia iliyokuwa imekwisha kubana. Van Jacobson aliyechunguza tukio hilo hakuagiza waya mnene. Katika andiko lake la mwaka 1988 alieleza jinsi ya kuifundisha TCP ianze polepole, isikilize dalili za msongamano, na ijizuie. Intaneti tunayoitumia leo imesimama juu ya adabu hiyo ya kujizuia.

Na hapa kwetu pia, faida kubwa imepatikana kwa kufupisha njia. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP kufunguliwa Nairobi mwaka 2000, barua pepe kati ya kampuni mbili za jiji hilo zenye watoa huduma tofauti ilipanda setilaiti, ikazunguka ng’ambo, ikarudi. Setilaiti hizo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari moja ya kwenda na kurudi hula karibu nusu sekunde. Dar es Salaam ilipata kituo chake, TIX, mwaka 2004. Shirika ambalo mtoa huduma wake hapitishi data za ndani kwenye vituo hivi linalipia safari isiyo na sababu, na lina haki ya kumuuliza kwa nini.

“Seva imezidiwa, tununue kubwa zaidi.” Hili si la kupuuzwa, maana mara nyingine ni kweli. Ila fungua vipimo kwanza. Mara kwa mara nakuta prosesa inatumika kwa asilimia 20 tu huku watumiaji wanasubiri. Programu imepewa miunganisho 50 ya kanzidata, na yote 50 imeshikwa na swali moja linalopekua jedwali zima kwa kuwa hakuna aliyeliwekea faharasa. Mashine kubwa itasubiri vilevile. Andika hiyo faharasa, kisha upime upya.

Hata pale mzigo ni wa kweli, wengi huusoma vibaya. Wanaona matumizi ya asilimia 90 na kusema bado kuna nafasi ya asilimia 10. Fikiria karani mmoja dirishani, na wateja wanaokuja bila mpangilio. Kwa hesabu ya kawaida ya foleni, karani akiwa na kazi nusu ya muda wake, mteja hutumia mara mbili ya muda wa kuhudumiwa peke yake. Kwa asilimia 80 ni mara tano, kwa 90 ni mara kumi, kwa 95 ni mara ishirini. Ndiyo maana mfumo uliokuwa sawa saa tatu asubuhi unaonekana kufa ghafla saa tatu na nusu, na kuupunguzia kazi kidogo tu hurudisha uhai haraka. Baraza la Mitihani la Tanzania kwa miaka mingi limetoa matokeo kama kurasa za kawaida zilizokwisha kuandikwa, kila shule na ukurasa wake. Ukurasa wa namna hiyo hauiulizi kanzidata kitu, na unaweza kunakiliwa kwenye seva nyingi kadiri inavyohitajika. Taasisi nyingine zenye siku za msongamano ziige busara hiyo kabla ya kuagiza mashine.

Wanaojiona salama zaidi husema, “Tuna kifaa cha kugawa mzigo, hatuwezi kuanguka.” Kifaa hicho hugawa kwa kanuni kiliyopewa, na kanuni mbaya huua mfumo mzima. Chukua ile ya kumpeleka mteja kwenye seva yenye miunganisho michache kuliko nyingine. Seva moja kati ya nne ikiharibika kwa namna ya kurudisha kosa papo hapo, itakuwa daima ndiyo yenye miunganisho michache kuliko zote, na itavuta wateja wengi kuliko zile tatu nzima. Kama kipimo cha afya kinaangalia tu kwamba mlango uko wazi, hakuna atakayejua. Kipimo kinapaswa kufanya kazi halisi: kufungua ukurasa, kugusa kanzidata, na kusoma jibu kama ni lenyewe.

Lakini kipimo kikali kupita kiasi nacho ni hatari. Tarehe 4 Oktoba 2021 amri ya matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa Facebook. Seva zake za DNS, zinazoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, zilijihesabu kuwa hazifai na zikaacha kuutangazia ulimwengu njia za kuzifikia, kama zilivyopangwa kufanya. Facebook, Instagram na WhatsApp zikatoweka kwa takriban saa sita. Kwa hiyo ongeza sharti: seva zote zikionekana wagonjwa kwa mpigo mmoja, kifaa kiendelee kuzitumia na kiwaite wahandisi.

“Tumeshambuliwa.” Mashambulizi yapo. Hata hivyo, hesabu marudio yako kwanza. Programu ya simu ikijaribu mara tatu, lango likajaribu mara tatu kwa kila jaribio hilo, na huduma ya ndani nayo mara tatu, mguso mmoja wa kidole unaizalia kanzidata maombi 27. Watumiaji 10,000 wenye subira fupi wanatosha kuonekana kama jeshi. Marudio yabaki katika ngazi moja, yapishane kwa muda unaorefuka, na muda huo uchanganywe na bahati nasibu ili wote wasigonge kwa pamoja.

“Zima, washa.” Huduma inarudi, na ushahidi wote uliokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine unafutika, kisha wiki ijayo mnakutana tena. Kama lazima uzime, chukua kwanza nakala ya logi, orodha ya miunganisho iliyo wazi, na maswali yanayoendelea kwenye kanzidata. Ni kazi ya dakika chache.

Ndugu mkurugenzi ambaye mezani pako kuna karatasi ya kununua seva mpya au kuongeza megabiti, usisaini leo. Mwite mhandisi wako akuonyeshe mambo manne: muda wa safari kutoka matawini, kiwango cha pakiti zinazopotea, muda ambao kanzidata inatumia kwa ombi moja, na muda anaosubiri yule mtumiaji mmoja katika mia anayechelewa kuliko wote, maana wastani humficha. Kama hana namba hizo, mpe wiki moja na ruhusa ya kupima.