Kazi Ikikawia, Gharama Huzidi



Wazee wetu walituachia mithali mbili ambazo wengi hudhani zapingana: "Haraka haraka haina baraka," na tena, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Sisi twaona ya kuwa zapatana kabisa, maana kazi iliyokawishwa mwanzoni ndiyo ifanywayo kwa pupa mwishoni, na gharama yake hulipwa mara mbili.

Tuitazame reli ya Uganda. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni 3,000,000 za kuijenga toka Mombasa hata ziwani. Ugomvi wa mafundi na matajiri wao huko Uingereza, 1897 hata 1898, ukachelewesha injini na vyuma. Maradhi yakawalaza wafanya kazi. Na mwisho wa 1898 simba wa Tsavo wakasimamisha ujenzi wa daraja kwa majuma kadha. Ili reli isizidi kungoja, zikajengwa njia za muda, na penye mteremko wa Bonde la Ufa mabehewa yakateremshwa kwa kamba za chuma mpaka njia ya kudumu ilipokuwa tayari. Reli ilifika ziwani Desemba 1901; lakini tayari mwaka 1900 Bunge lilikuwa limeongeza pauni 1,930,000. Hatusemi kwamba kukawia peke yake ndiko kulikozidisha fedha hizo, kwani hesabu ya kwanza ilifanywa kabla njia haijapimwa sawasawa. Lakini kila siku ya kungoja ilikuwa na mishahara yake na posho yake.

Mambo hayo hayakwisha na reli ile. Fikirini jengo la zahanati. Hati ikilala mezani miezi mitatu, bei ya mabati haingoji. Saruji iliyokwisha kununuliwa huvuta unyevu ghalani na kupungua nguvu. Mlinzi hulipwa kwa kulinda msingi usio na ukuta. Kisha tarehe 30 Juni, siku ya kufunga mwaka wa fedha, ikikaribia, amri hutoka kwamba kazi iishe upesi. Hapo zege, lipasalo kumwagiwa maji siku saba kwa uchache, humwagiwa siku mbili, na rangi hupakwa juu ya lipu mbichi. Jengo hupokewa kwa makofi, na baadaye fedha nyingine huombwa za kuziba nyufa.

Je, yatuhusu nini sisi makarani? Yatuhusu sana, kwa kuwa kukawia kwingi hakuanzi kwa fundi, bali masjala na mezani. Ni kweli kwamba mara nyingi hati hulala kwa mkubwa ikingoja sahihi; lakini karani ndiye alaumiwaye, maana hana ushahidi.

Kwa hiyo twashauri kila jalada la kazi ya ujenzi litiwe karatasi ya kuandikia siku lilipoingia kwa kila mtu na siku lilipotoka, na kila juma mkuu wa ofisi apelekewe orodha ya majalada yaliyolala. Jambo hili halitaki fedha. Litamfichua mvivu miongoni mwetu, na mwenye bidii litamkinga. Twaomba lijadiliwe katika mkutano ujao wa chama. Na asiyekubali, aje na hoja zake.