Mchanga tumeusafirisha miaka kumi, kuuoka je?

Ukisimama karibu na Mnara wa Mbaraki mwendo wa alasiri, utasikia malori kuliko ndege. Mnara wenyewe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, umeketi pale karne kadhaa. Siku hizi majirani zake ni maghala na gati. Ng'ambo ya maji, upande wa Likoni, ndiko kulikojengwa gati la kupakia madini ya Kwale. Shehena ya kwanza iliondoka Februari 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Miaka kumi na ushei mchanga ulishuka kwa malori, ukamwagwa ghalani, ukapanda meli, kwaheri.

Sitaki kukurudisha kwenye mjadala wa mrabaha na fidia. Huo una wenyewe. Mimi nina swali la kijinga kidogo: katika miaka hiyo yote, kuna mtu aliyewahi kukueleza mchanga ule ulikuwa nini hasa?

Mwingi wake ulikuwa ilmenaiti, yaani chuma, titani na oksijeni. Mlikuwa pia na rutaili, ambayo ni titani na oksijeni peke yake, na zirkoni. Madini ya titani kwa kawaida huishia kuwa unga mweupe wa kutia kwenye rangi za nyumba, karatasi na plastiki. Sawa, dunia inataka kuta nyeupe. Lakini mwaka 2008 mwanafizikia mmoja Marekani, Craig Fennie, alipiga hesabu akasema kiwanja hicho hicho cha chuma na titani kikibanwa hadi atomu zake zijipange upya, kitakuwa na tabia mbili ambazo ni nadra kukaa pamoja: ya sumaku na ya umeme. Mwaka uliofuata kundi la wanasayansi likatangaza kwamba limekitengeneza. Kukitengeneza kunataka shinikizo zaidi ya mara laki moja ya hili la hewa tunayopumua, na moto wa zaidi ya nyuzijoto 1,000. Ikatoka kauri yenye tabia ya umeme hata katika joto la chumbani, na usumaku hafifu ikipozwa hadi karibu nyuzi 153 chini ya sifuri.

Kauri ya namna hiyo huitwa maltiferoiki. Jina linatisha, maana yake haitishi. Sumaku unaijua: ina kaskazini na kusini, na unaweza kuigeuza. Sasa kuna fuwele nyingine ambazo badala ya kaskazini na kusini zina upande chanya na upande hasi wa umeme. Ukizipa volti zinageuka, ukiondoa volti zinabaki vile vile zilivyogeuka. Yaani zina kumbukumbu. Maltiferoiki ni ile inayobeba kumbukumbu zote mbili ndani ya punje moja, na kwa bahati nzuri ukiisukuma moja, ya pili nayo inashtuka.

Mbona ni adimu? Shuleni nilisoma sumaku sura moja na umeme sura nyingine, na kilichoziunganisha kilikuwa waya uliozungushwa kwenye msumari. Kumbe ndani ya atomu wawili hawa ni kama paka na panya. Titani huleta umeme kwa sababu ganda lake fulani la elektroni limebaki tupu. Chuma huleta sumaku kwa sababu ganda hilo kwake limejaa nusunusu. Atomu moja haiwezi kuwa tupu na nusu kwa wakati mmoja. Kwa hivyo lazima uwaweke wapangaji wawili tofauti katika nyumba moja, kila mmoja na kazi yake, kisha uombe wasigombane.

Mpangaji maarufu kuliko wote ni bismuthi. Akiishi na chuma, unapata kauri inayoitwa feraiti ya bismuthi, na hii haihitaji baridi kali wala kubanwa. Umeme wake unadumu hadi karibu nyuzi 830, na mpangilio wake wa sumaku hadi karibu 370. Lakini tusidanganyane: usumaku wake ni mdogo mno, kwa sababu atomu jirani zinaelekea kinyume na kufutana. Haitashika hata pini. Thamani yake iko kwingine. Kuandika kumbukumbu ya sumaku kwa mkondo wa umeme huleta joto na hula nguvu. Kuiandika kwa volti tu kunaweza kula nguvu kidogo zaidi. Ndiyo maana mwaka 2018 watafiti wa Intel na wenzao walichapisha katika jarida la Nature muundo wa kifaa cha kompyuta kinachotegemea kauri za aina hii.

Sasa njoo jikoni, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Unapima oksidi ya bismuthi na oksidi nyekundu ya chuma, binamu msafi wa kutu. Kwa kila gramu 16 za chuma hicho unataka kama gramu 47 za bismuthi. Unasaga kinuni kwa saa kadhaa, mkono mpaka ufe ganzi. Unachoma karibu nyuzi 800. Unasaga tena, unabana unga uwe kidonge, unachoma tena. Ndiyo hayo tu, na bado watu wenye shahada za uzamifu huharibu. Oksidi ya bismuthi huyeyuka kwenye nyuzi 820 hivi, na nyingine hupeperuka kabla hujajua. Ukizidisha moto, uwiano unaharibika. Ukipunguza, unga hauungani vizuri. Pakiingia uchafu wa viwanja vingine, kidonge kinavujisha umeme kama paa la makuti yaliyochakaa. Wengine huongeza bismuthi kidogo kufidia itakayoruka. Wengine huchoma haraka haraka na kutoa. Wengine huacha njia ya unga kabisa, wakayeyusha chumvi za madini hayo majini pamoja na asidi ya sitriki, ile ile inayofanya ndimu iwe kali, wakachemsha hadi kuwa kama jeli, kisha wakachoma kwa moto mdogo. (Usijaribu hii nyumbani kwa mamako. Moshi wake si wa kuvuta.)

Ebu rudi mnaranimwa Mbaraki... hapana, rudi kwenye chokaa yake. Ilipatikanaje? Mafundi wa Pwani walipanga matumbawe juu ya magogo, wakayachoma kwa moto wa nyuzi kama 900, gesi ikatoka kwenye jiwe, kisha wakayamwagia maji na kuyaacha yakae. Moto ukiwa mchache, kiini cha jiwe kinabaki kibichi. Hiyo ni kazi ya kauri, bana! Jiwe, moto, subira na jicho la kujua limeiva. Haikuwa na jina la Kigiriki, lakini kemia yake ni jamaa ya karibu.

Najua utaniuliza: itanipa kazi? Kesho, hapana. Sikuuzii ndoto ya kiwanda cha maltiferoiki Mbaraki, na nakuonya uwakimbie watakaokuuzia. Ila nenda kwa fundi wa simu mtaani, mwombe akuonyeshe ubao ulioungua. Vile vidude vidogo kama punje ya chumvi, anavyovishika kwa kibano, vingi ni kapasita za kauri ya titani na bariamu. Simu yako ina mamia. Ustadi wa kuvioka ni ule ule wa kupima, kusaga, kubana na kuchoma. Anayeujua hakosi pa kuanzia, iwe ni vigae, vihami vya nguzo za stima au vitambuzi vya mitambo. Sisi tunaokaa bandarini tumezoea kuhesabu tani. Nani anahesabu nyuzijoto?

Ombi langu ni dogo. Joko la umeme linalofika nyuzi 1,200, mizani nzuri, kinu, kibano cha vidonge, na nafasi katika mashine ya eksirei ya kusoma fuwele, hata kama vyuo vya Pwani vitagawana moja. Kisha Jumamosi mlango ufunguliwe kwa vijana wa Fomu Tatu kutoka Likoni, Majengo na Msambweni, waingie waharibu vidonge vyao wenyewe. Kidonge kilichopasuka kinafundisha kuliko mchoro wa ubaoni.

Na wewe usisubiri. Toa sumaku kwenye spika iliyokufa, ifunge kwa karatasi ya plastiki, nenda Mambrui au ufuo wowote wenye michirizi myeusi mchangani. Ipitishe polepole juu ya mchanga mkavu. Zitakazorukia mara moja huenda ni magnetaiti. Zile zinazosita, zinazotaka sumaku yenye nguvu zaidi, zitie kwenye chupa uandike tarehe. Hizo ndizo za kuulizia.