Mzunguko Si Eneo

Wengi wetu hulalamika kwamba hesabu za kidato cha tatu hazina kazi nje ya darasa. Hata mimi nilikuwa katika kundi hilo. Siku hizi nimebadili nia, na hasara ndiyo iliyonifunza.

Hapa kwetu Makueni, na ng'ambo kule Kitui, ploti huuzwa kwa jina la "50 kwa 100", yaani futi. Muhula uliopita mama alilipia ploti ya namna hiyo. Siku ya kupimiwa, muuzaji akatuonyesha kipande cha 30 kwa 120. Mama aliposhtuka, yule bwana akasema, "Usijali mama, mzunguko ni ule ule, futi 300." Tukazunguka na kamba, kweli zikawa 300. Mama akaridhika.

Haya, tupige hesabu. 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. (Hata hizo hazifiki thumni ya ekari, ambayo ni 5,445.) 30 kwa 120 ni 3,600 tu. Futi mraba 1,400 zimekwenda, na sengenge ni ile ile! Upande mmoja ukiwa x, wa pili ni 150 – x, na eneo ni 5,625 – (x – 75)². Basi eneo kubwa kabisa hupatikana pande zikilingana, 75 kwa 75. Ukizidi kuirefusha ploti, eneo huzidi kupungua hadi ibaki njia ya mbuzi.

Pima pia kona kwa kona. Katika 50 kwa 100 iliyonyooka, mishazari yote miwili ni karibu futi 112. Ikitofautiana, ploti imelala upande na eneo limepungua, ijapokuwa pande ni zile zile.

Ndugu zangu, nilikuwepo pale. Hesabu hiyo nilikuwa nimeipata darasani wiki ile ile. Lakini nilinyamaza, eti mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa.

Maoni yangu ni haya. Walimu wetu watutoe nje na kamba, tupime uwanja badala ya kupima ubao tu. Nasi wanafunzi tufungue midomo. Kusema kwa adabu, "Mama, ngoja kwanza nipige hesabu," si utovu wa heshima. Utovu wa heshima ni kujua na kumwacha mzazi apunjwe.