Miche ya Juni katika Nchi ya Kiangazi

Kila tarehe 5 Juni ulimwengu huadhimisha Siku ya Mazingira, ada iliyoanza mwaka 1973. Katika vyuo vikuu vya Kenya siku hiyo aghalabu huandamana na mahema, viti vya kukodi, fulana zenye kaulimbiu ya mwaka, hotuba za wakuu na, hatimaye, mgeni wa heshima kushika jembe jipya na kupanda mche mbele ya kamera. Baadaye wanafunzi huachiwa miche mingine mia mbili au mia tatu waimalize kabla ya soda kugawanywa. Huko Kericho au Limuru ada hii huenda isiwe na kasoro kubwa, kwa kuwa ardhi bado ina unyevu. Mwingi ni kwingine. Ifikapo tarehe hiyo masika yamekwisha kukatika, mito imebaki mchanga mtupu, na mvua nyingine haitarajiwi hadi mwishoni mwa Oktoba. Mche uliotiwa ardhini asubuhi ya Juni 5 hukabidhiwa miezi mitano ya jua. Si ajabu fulana zikadumu kuliko miti.

Makala haya yanadai kwamba bewa lolote la chuo lililoko katika nchi kame ya Kitui na Makueni lina wajibu wa kuhesabu miche yake mwezi Oktoba, kiangazi kinapofika ukingoni, na kuwatangazia wanafunzi hesabu hiyo. Idadi iliyopandwa siku ya sherehe inaonyesha tu kwamba watu walifika.

Dai hili si geni. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wanawake waliootesha miche walilipwa kijisehemu cha fedha kwa kila mche ulioshika na kuishi. Mche uliokufa haukuwa na malipo. Kanuni hiyo ndogo ndiyo iliyotenganisha kazi yake na sherehe nyingi zilizotangulia na zilizofuata. Yamkini ni kinaya kwamba vyuo vikuu, ambavyo humtaja Maathai katika kila hotuba ya mazingira tangu atunukiwe Nishani ya Nobeli mwaka 2004, vimechukua jina lake na kuiacha kanuni yake.

Wakulima wa Ukambani wanajua kwamba mvua ya kutegemewa kwao ni ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba. Masika huja kwa kusitasita na huenda mapema. Msomaji atakumbuka siku mbili za mapumziko ambazo serikali ilizitenga kwa upanzi wa miti: Novemba 13, 2023 na Mei 10, 2024, hii ya pili ikiwa pia siku ya kuwaomboleza waliokufa katika mafuriko. Kwa mtu wa Mwingi tarehe ya kwanza ilikuwa zawadi, kwa maana iliangukia katikati ya mvua. Ya pili iliangukia mkiani. Kalenda iliyopangwa Nairobi hupatana na mbingu za Mwingi mara moja moja, na bewa la Mwingi halina sababu ya kungoja bahati hiyo.

Hata hivyo, ni haki kukiri kwamba Novemba nayo ina mtego wake. Huo ni wakati wa mitihani, na Desemba wanafunzi hurejea makwao. Mche uliopandwa Novemba hupata mvua ya wiki sita au saba, kisha huachwa na aliyeupanda mara tu anga inapokauka. Atakayeumwagilia Januari na Februari ni nani? Hapo ndipo suala la miti linapogeuka kuwa suala la maji, na maji katika nchi hii ni jambo zito. Mwanamke wa kijiji cha jirani hufukua mchanga wa mto akaketi karibu na shimo akingoja kikombe kimoja kimoja kijaze mtungi. Chuo kinapokuja na mamia ya wanafunzi wanaofua, wanaooga na wanaopikiwa, huingia katika foleni iyo hiyo, tena na pampu. Chuo kikitumia maji hayo kunyweshea ukoka wa mbele ya ofisi, hakina budi kuwaeleza majirani wake.

Ilhali maji hupita juu ya vichwa vya wanachuo. Paa lenye ukubwa wa mita 1,000 za mraba likipata mvua ya milimita 10 tu hupokea lita 10,000. Mvua moja ya vuli inaweza kutoa mara kadhaa ya kiasi hicho. Pasipo mifereji ya paa na matangi, maji hayo hukimbilia uwanjani, yakachimba makorongo, yakaishia mtoni, na mto wa Mwingi ukijaa hauna huruma. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilisombwa na Mto Enziu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Maafa hayo yalitokea katikati ya ukame uliosababishwa na misimu mitano mfululizo ya mvua haba, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Mtu aweza kufa maji katika mwaka wa kiu. Hii ndiyo sura ya mabadiliko ya tabianchi katika eneo hili, na mwanafunzi anayeisoma katika vitabu vya ng'ambo angeweza kuiona kwa kutembea hadi darajani.

Wenyeji hawakukaa kitako. Katika mito ya msimu ya Machakos, Makueni na Kitui yamejengwa mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hukingamishwa mtoni hadi kwenye mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaza nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake yasifikiwe na jua. Kikundi cha Utooni kilianza kazi hiyo mwaka 1978, na shirika la SASOL likaieneza Kitui tangu miaka ya tisini. Nguvu kazi ilikuwa mwethya, yaani ule utaratibu wa Wakamba wa majirani kukusanyika na kufanya kazi kwa zamu.

Mwethya una historia ambayo wakuu wa vyuo wangefaidika kuisoma. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikidai kuokoa udongo uliokuwa ukimomonyoka, iliwalazimisha Wakamba kuuza mifugo yao; maelfu wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, na serikali ikalegeza kamba. Lakini watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walipochapisha uchunguzi wao mwaka 1994, walionyesha kwamba katika wilaya ya zamani ya Machakos, ikiwemo Makueni ya leo, idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya thelathini, na bado matuta yalikuwa yametapakaa, mmomonyoko umepungua na miti imezidi. Watu walewale waliokataa amri walichimba matuta katika mashamba yao wenyewe.

Mwanafunzi aliyepangwa mstari kupanda mche asiojua jina lake, mahali asipochagua, kwa siku asiyoamua, yuko karibu zaidi na amri ya 1938. Bewa lingeweza kufanya vinginevyo kwa gharama ndogo. Kila kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kingepewa miche michache mwanzoni mwa vuli na kuitunza hadi mwaka wa nne, na katika likizo watunza bustani wakalipwa kuinywesha kwa maji ya paa. Miche ishirini hai ni ya thamani kuliko mia tatu iliyokauka.

Ni mti gani upandwe? Mara nyingi huletwa mikaratusi, kwa sababu ndiyo iliyo tayari vitaluni. Hapo mukau hudharauliwa, ingawa ni mti wa nchi hii, hustahimili ukame, hutoa mbao nzuri kwa miaka kumi hadi kumi na mitano, na majani yake hulisha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Tatizo lake ni kokwa. Ni gumu kama jiwe, na watu walizoea kuliokota katika zizi la mbuzi baada ya mnyama kumaliza nyama ya tunda. Kituo cha Kitui cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, kimetumia miaka mingi kufundisha namna ya kulipasua kokwa, kuitoa mbegu bila kuijeruhi, kuikwangua ncha na kuiloweka. Kazi hii yahitaji kisu kidogo, mikono yenye subira na muda wa jioni, vitu ambavyo wanafunzi wanavyo.

Kuna na lango la nyuma. Taasisi nyingi za elimu nchini bado hupikia kuni. Mwanzoni mwa 2018 serikali ya kaunti ya Kitui chini ya gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti, na vyuo vikaandaa midahalo motomoto juu ya magari ya makaa yanayoelekea Nairobi. Ni nadra mdahalo kugusa lori la kuni linaloingia jikoni. Chuo kinachopanda miche langoni na kununua miti ya miaka thelathini kwa ajili ya kuchemsha githeri kinapaswa kuweka hesabu hizo mbili katika ukurasa mmoja.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wasijitenge wakidhani haya ni ya wanasayansi. Wakamba huzipa njaa majina. Ile ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika, kwa maana fedha zilikuwa mkononi na chakula hakikuwapo sokoni. Majina ya aina hiyo ni kumbukumbu ya tabianchi iliyo ndani ya fasihi simulizi, na wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Tasnifu moja ya kuyakusanya Nuu, Mumoni na Tseikuru ingefaa kuliko mabango kumi.

Fedha? Kaunti ya Makueni ilipitisha mwaka 2015 kanuni za hazina ya tabianchi zinazotenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Chama cha wanafunzi kinaweza kutenga kiasi kama hicho katika bajeti yake, na kuanza na fungu la mahema na fulana. Watakaopinga watasema kwamba sherehe huleta wafadhili. Basi na iwepo, lakini wafadhili waalikwe wiki ya pili ya Oktoba, kabla ya tone la kwanza, watembezwe katika safu za miche wakiwa na karatasi na kalamu, na wahesabu wao wenyewe.