Kanuni za Fleti Ziandikwe Mapema

Kuishi ghorofani si jambo geni Visiwani. Nyumba za Kikwajuni na Michenzani, zilizojengwa katika miaka ya 1960 na 1970 kwa msaada wa iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, zimekwisha kulea vizazi kadhaa. Lililo geni ni mtu kununua fleti katika jengo lenye wenyewe wengi, kisha akaipangisha kwa mtu ambaye wenziwe hawakumridhia. Je, wenziwe hao wana haki gani?

Swali hili si dogo. Fleti ni ya mtu mmoja, lakini ngazi, paa na tangi la maji ni mali ya wote. Mpangaji mkorofi hamuudhi mwenye fleti aliyeko mbali akipokea kodi yake. Humuudhi jirani anayepanda naye ngazi moja kila siku. Kwa sababu hiyo Tanzania Bara ilitunga sheria ya umiliki wa namna hii mwaka 2008, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2010. Katika umiliki huu wenye fleti huwa na jumuiya yao, na jumuiya huwa na kanuni.

Hata hivyo, hapana budi ifahamike kwamba jumuiya si mahakama. Nguvu yake haitoki katika chuki wala mapenzi ya viongozi wake, bali katika kanuni zilizoandikwa. Ikiwa kanuni hazikumtaka mwenye fleti aombe ridhaa kabla ya kupangisha, jumuiya haiwezi kuizua ridhaa hiyo siku mpangaji anapoteremsha mizigo yake.

Wenzetu wa Florida, Marekani, wamekwisha kulipitia jambo hili. Wenye fleti wa Woodside Village, mjini Clearwater, walibadili kanuni zao ili mtu asipangishe zaidi ya miezi 9 katika kila miezi 12. Waliokuwa wamenunua kabla ya hapo walipinga, lakini mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Rufaa ya jimbo hilo iliikubali kanuni mpya. Mwaka 2004 Bunge la jimbo likaamua kwamba tangu hapo mabadiliko ya namna hiyo yatamfunga tu aliyeyakubali, au aliyenunua baada ya kupitishwa. Funzo lake ni wazi: mnunuzi aijue kanuni kabla hajatoa fedha zake.

Mwenye fleti akiivunja kanuni iliyo halali, wa kwanza kuulizwa ni yeye, kwani ndiye aliyeifunga ahadi. Aandikiwe barua, apewe muda wa kujirekebisha, atozwe faini ikiwa kanuni zinaruhusu, na akishikilia ukaidi apelekwe mbele ya sheria. Kumkatia mpangaji maji, kumbadilishia kufuli au kumtolea vyombo vyake nje ni kujichukulia sheria mkononi. Mpangaji huyo pengine amelipa kodi ya miezi mingi kwa nia njema, na ana watoto wanaokwenda skuli.

Aidha, ridhaa isigeuzwe pazia la ubaguzi. Kumkataa mtu kwa sababu ametoka Pemba au Bara, au kwa dini na siasa yake, ni kinyume cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Jumuiya itazame mwenendo wa mtu, isitazame asili yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tunawaomba maofisa wa ardhi na nyumba wahakikishe kwamba kila jengo linalouzwa kwa fleti lina jumuiya iliyo hai, na kwamba kanuni zake, kwa Kiswahili kinachofahamika, zinamfikia mnunuzi kabla ya kutia saini na mpangaji kabla ya kupewa ufunguo. Ugomvi mwingi wa ngazini utakwisha kabla haujaanza.